Anzia Viti, Rangi Ifuate: Ushauri kwa Mwenye Gari la Kale Ufukweni Rumonge

Wengi wanaofufua gari la kale la michezo huanza na rangi ya nje. Mtu ameona picha ya Datsun 240Z nyekundu, moyo umeshaenda, anakimbilia dukani kununua rangi. Gari linapulizwa, linang'aa, majirani wanalizunguka. Ndipo anapoanza kutafuta ngozi ya viti, na hapo ndipo anapokwama. Rangi ya bodi huchanganywa: muuzaji mwenye mizani na kitabu cha rangi anaweza kukupa wekundu wa kila namna. Ngozi ya viti haichanganywi. Utachukua iliyomo kwenye robota, basi. Ukitoka Rumonge ukapanda barabara ya RN3 hadi Bujumbura kuitafuta skai, ile ngozi ya bandia, utakuta nyeusi, kahawia mbili tatu, damu ya mzee, kijivu na malai. Siku nyingine hata hizo hazipo zote, maana uhaba wa fedha za kigeni umefanya kila kitu cha kuagizwa kiwe cha kubahatisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousimamia kuliko yote yatakayofuata: kilicho haba kichaguliwe kwanza. Nunua ngozi ya viti, nunua ya kutosha viti vyote, milango na ziada ya kuwekea viraka baadaye, iweke ndani, ndipo uanze kuulizana na nafsi yako kuhusu rangi ya nje. Rangi itaifuata ngozi bila shida. Ngozi kuifuata rangi ni kazi ya kusafiri miji mitatu na kurudi na kitu usichokitaka.

Nazungumzia magari kama Toyota Celica ya mwanzo, iliyotoka mwaka 1970, Peugeot 504 ya milango 2 iliyochorwa na Pininfarina, Karmann Ghia, Datsun za familia ya Z, na hata Corolla kuukuu ya milango 2 ambayo mwenyewe anaipenda kuliko gari jipya. Haya si magari ya kwendea sokoni tu. Ni magari ya kutazamwa, na mtu akitazama huona vitu viwili kwa pamoja: rangi ya bodi, na kile kinachoonekana kupitia kioo.

Sasa tulitazame jua letu, kwa sababu kitabu cha rangi kilichochapishwa Ulaya hakilijui. Rumonge iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, kando ya ziwa lililo zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka, Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo paa na boneti huungua kuliko ubavu wowote wa gari. Asubuhi mwanga hutujia umechelewa, umetoka nyuma ya milima ya upande wa Bururi. Mchana huwa mweupe mno, unafuta tofauti ndogondogo za rangi. Jioni mambo hugeuka kabisa. Mwambao wetu unatazama magharibi, jua linashukia milima ya Kongo, na mwanga unakuja bapa juu ya maji na kuligonga gari ubavuni. Nyekundu inakolea, malai inakuwa ya dhahabu, na samawati iliyokuvutia dukani inakuwa kijivu kisicho na jina.

Ndiyo maana nasema usichague rangi kwenye kijikaratasi. Mwombe fundi apulizie kipande cha bati, na bati lenyewe liwe limekunjwa kidogo kama ubavu wa gari, kwa sababu rangi kwenye kitu bapa hudanganya. Apige praima ileile, rangi ileile, idadi ileile ya makoti atakayopiga kwenye gari. Lilaze kipande cha ngozi uliyokwisha kununua pembeni mwa bati. Tazama saa 1 asubuhi, tazama saa 6 mchana, tazama saa 11 na nusu jioni ukiwa umelipa ziwa mgongo. Kisha vipeleke vyote viwili chini ya michikichi. Kivuli cha michikichi kina ukijani ndani yake, nacho huifanya malai ya baridi ionekane kama imeugua. Kama malai yako ina umanjano kidogo, itavumilia. Nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya malai mbili ambazo ndani ya duka zilikuwa kitu kimoja. Zilipotolewa nje, mmoja wao akanyamaza, akaokota aliyoitaka.

Joto nalo lina neno lake. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walitoa matokeo ya jaribio la magari mawili ya aina moja yaliyoachwa juani kwa saa moja, moja jeusi na moja la rangi ya fedha. Hewa ndani ya lile jeusi ilikuwa na joto zaidi kwa takriban digrii 5 hadi 6. Hayo ni magari ya siku hizi. Gari la kale la michezo halina kiyoyozi, paa lake liko karibu na kichwa, na kama ni 240Z kioo cha nyuma kimelala kiasi kwamba jua linamwagika ndani mpaka kwenye viti. Nyeusi nje na nyeusi ndani ni mavazi ya nchi za baridi. Atakayekaa juu ya skai nyeusi saa 8 mchana bandarini Rumonge, hata kama ana suruali nzito, atainuka upesi.

Kwa hiyo viti viwe rangi gani? Malai inavutia, na ndiyo inayokaa baridi kuliko nyingine. Lakini huku ni Rumonge. Hii ni nchi ya mawese, na gari lolote, liwe la kifahari namna gani, siku moja litaombwa na shangazi libebe dumu. Dumu la mawese halijawahi kuwa na kifuniko cha kuaminika. Mawese yakidondoka kwenye skai, unafuta kwa sabuni. Yakidondoka kwenye kitambaa cha malai, wekundu unaweza kupauka kwa jua, ila mafuta yanabaki ndani ya sponji na vumbi linayafuata. Ndagala vilevile: harufu ya gunia la ndagala inaingia kwenye kitambaa na kukaa. Mimi ningechagua kahawia ya ngozi, ile iliyo katikati, isiyofikia ugoro wala kushuka hadi malai. Haichomi kama nyeusi, haisaliti doa kama malai, na inakubaliana na rangi za nje nyingi kuliko nyingine yoyote. Damu ya mzee ni ya pili. Kijivu naiweka ya mwisho, si kwa ubaya wake, ila katika mwanga wetu mweupe wa mchana hufa, gari likaonekana kama halijamalizwa.

Ukiweza, mwambie fundi viti aweke kitambaa kigumu katikati, pale mgongo na mapaja yanapogusa, na skai pembeni. Mwili utapumua. Hata viwanda vilifanya hivyo kwenye magari mengi ya miaka ya 1970, basi hutakuwa umeuharibu ukale wake. Wapo wanaotamani kitenge. Naielewa tamaa hiyo, kitenge ni kizuri, lakini ni pamba nyepesi ya kuvaliwa mwilini. Kwenye kiti chenye jua la kila siku kitapauka kwenye mikunjo kabla mwaka haujageuka.

Kuna jambo dogo ambalo wasafiri wa RN3 hulijua bila kulisema. Ukitoka Bujumbura alasiri kuja kusini, ziwa liko mkono wa kulia, na jua lote linaingia kwa upande huo. Gari lenye usukani wa kulia linamchoma dereva. Lenye usukani wa kushoto linamchoma abiria. Kwa safari za kila wiki, upande huo wa viti utapauka kwanza. Rangi ya katikati huficha tofauti hiyo kwa muda mrefu. Damu ya mzee huionyesha upesi zaidi.

Dashibodi usiifanye ya rangi nyepesi, hata kama viti ni malai na umeona picha ya gari la Kiitaliano lenye dashibodi nyeupe. Jua likiwa mbele, dashibodi nyepesi hujichora kwenye kioo, na wewe unaendesha ukitazama dashibodi badala ya barabara yenye baiskeli, mbuzi na watoto wa shule. Iwe nyeusi au ugoro, na ising'ae.

Somo hilihili la mng'ao lilijulikana zamani na watu wa mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na haikuwa mbio za maonyesho. Zilikuwa siku za vumbi, tope na jua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo akiwa na Lofty Drews. Magari yale ya kiwanda ndiyo yaliyowafanya Waafrika Mashariki wengi waipende 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Ile nyeusi isiyong'aa juu ya boneti ilikuwa na kazi: kuzuia jua lisimrudie dereva machoni. Nayapenda sana mapambo ya namna hii, yaliyozaliwa na haja. Kama una gari la boneti ndefu na unaendesha pwani ya ziwa jioni, boneti nyeusi isiyong'aa ina haki ya kuwepo. Weusi huo uishie hapo na kwenye dashibodi. Viti viwe kahawia. Nyekundu kali nje na damu ya mzee ndani usithubutu. Ni wekundu wawili wa ukoo tofauti, na kila mmoja unamfanya mwenzake aonekane mchafu.

Tukiwa bado kwenye mbio, kumbuka kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 kila taifa lilikuwa na rangi yake uwanjani: Italia nyekundu, Ufaransa buluu, Uingereza kijani, Ujerumani nyeupe na baadaye fedha, Ubelgiji manjano. Timu ya Kibelgiji ya Jacques Swaters, Ecurie Francorchamps, iliziingiza mbioni Ferrari za manjano wakati dunia nzima ilishazoea Ferrari nyekundu. Kijani kilichokolea na viti vya kahawia, ule mchanganyiko wa Kiingereza, huku kwetu unakaa vizuri ajabu, kwa sababu kijani kile kiko tayari kwenye kila mlima unaopita na hakishindani na chochote. Manjano ni ya watu wenye ujasiri. Ukiichagua, viti viwe vyeusi katikati kwa kitambaa, au ugoro, na uwe tayari kwa gharama, kwa maana manjano haifuniki. Ikipigwa juu ya praima ya kijivu inageuka ukijani mchafu, na fundi asiyejua ataendelea kuongeza makoti huku rangi yako ikiisha. Mwambie aanze na koti jeupe. Nyekundu nyingi nazo zina udhaifu huo, ingawa si kwa kiasi hicho.

Buluu ndiyo ninayoulizwa kuliko zote, na naelewa: nani anaishi hapa asiitamani rangi ya ziwa? Jibu langu ni kwamba samawati nyepesi mbele ya ziwa hushindwa na ziwa. Nenda kwenye buluu nzito, inayokaribia wino, uipe viti vya kahawia au malai yenye umanjano. Hapo ubaridi wa nje unapata joto ndani.

Kwa mtu anayeng'ang'ania nyeusi, sitamkataza, ila nitampeleka kwa samaki. Katika ziwa letu wamo samaki wadogo wa miambani wa jamii ya Tropheus, wanaopendwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani. Mmoja wa jamii hiyo, Tropheus brichardi, alipewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi. Ng'ambo yetu, kwenye rasi ya Ubwari upande wa Kongo, kuna Tropheus mweusi mwenye mshipi mmoja mpana wa manjano katikati ya mwili. Mtazame vizuri. Weusi ni mwingi na umetulia, manjano ni moja na imewekwa mahali pamoja. Hakuna nukta za manjano mkiani, hakuna mstari mwingine kichwani. Gari jeusi lenye viti vya malai au vya kahawia iliyofunguka linafanya kazi kwa mpango huo. Gari jeusi lenye viti vyekundu, zulia la buluu, na mistari ya fedha ubavuni halifanyi kazi kwa mpango wowote. Rangi moja iseme, ya pili isikilize, ya tatu iwe ya kromu za bampa na vishikio tu.

Kuhusu aina ya rangi, nitakuwa na msimamo. Kama gari litapakwa kwenye gereji ya kawaida, achana na metaliki. Chembe za metali hulala kulingana na presha ya kompresa, umbali wa bunduki na mkono wa mpulizaji. Mlango ukikwaruzwa baada ya mwaka, fundi mwingine hataweza kuurudisha ufanane na ubavu. Chukua rangi ya kawaida isiyo na metali, ya kuchanganywa na hadna (dawa ya kuikausha na kuikaza), inayong'aa yenyewe bila kufunikwa na verni. Jua letu huichoma verni ya bei rahisi kutoka juu, ikaanza kubanduka paani kama ngozi iliyoungua, na ikishafika hapo hakuna dawa isipokuwa kukwangua. Rangi isiyo na verni ikififia, unaisugua kwa polishi, inarudi. Gari dogo la milango 2 hutumia lita 3 hadi 4 za rangi iliyokwisha kuwa tayari kupulizwa. Nunua yote siku moja, mchanganyo mmoja, na usikubali thina ya bei ya chini kabisa ya kuizimulia wala petroli badala yake.

Msimu nao uuchague. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu na rangi inaweza kupata ukungu mweupe inapokauka. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ni kikavu, lakini upepo wa kusini unavuma ziwani na vumbi linaruka. Mimi napendelea kiangazi kwa masharti: kazi ianze alfajiri kabla upepo haujaamka, sakafu na ua vimwagiwe maji, na turubai lifungwe kila upande. Usiku chini ya taa hapana, wadudu watazikwa ndani ya rangi. Kabla ya yote hayo, zulia la zamani ling'olewe na sakafu itazamwe. Maji ya ziwa letu hayana chumvi ya bahari, nalo ni jambo la kushukuru, ila unyevu uliolala chini ya zulia hutoboa bati bila haraka.

Na hili nalisema kwa uzito: hadna ya rangi hizi ina kemikali ziitwazo isosianati, zinazoweza kumwachia mpulizaji pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Mpulizaji avae barakoa yenye vichujio vya mkaa ambavyo havijaisha muda, au iliyo bora zaidi, yenye hewa inayoletwa kwa mpira kutoka nje, na watoto wasikae uani siku hiyo. Kama gereji haina barakoa, nunua wewe umpe fundi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya rangi.

Kabla hujaamua kuibadilisha rangi, itafute ya kwanza. Chunguza kibati cha kiwanda ndani ya boneti, ambacho mara nyingi kina namba ya rangi; kama kimepotea, toa mpira wa mlango, fungua kava la ndani la mlango, tazama nyuma ya dashibodi. Pale mafundi wa baadaye hawakufika. Ukikuta kijani cha majani makavu au chungwa ya miaka ya 1970, usiicheke upesi. Kiwanda kilipanga rangi ile pamoja na viti vyake, na gari lililobaki na rangi yake ya kuzaliwa huwa na bei nzuri zaidi siku ya kuuza. Ukiamua kubadilisha hata hivyo, isome kadi ya gari. Kama rangi imeandikwa humo, uliza utaratibu wa kuirekebisha kabla ya kazi, usingoje kuulizwa na polisi barabarani.

Gari likishatoka, lipe muda. Usilipake nta mwezi wa kwanza, rangi mpya bado inatoa thina yake. Lioshe kwa maji mengi kabla ya kitambaa kugusa bodi, kwa maana vumbi la huku ni msasa. Usiliegeshe chini ya michikichi inapovunwa. Rangi iliyobaki, nusu lita ikiwezekana, ihifadhi bila hadna kwenye kopo lililojaa hadi juu na kufungwa barabara, andika juu yake namba ya rangi, jina la duka na tarehe, na uliweke mahali penye kivuli pamoja na kile kipande cha ngozi kilichobaki. Bati la majaribio usilitupe. Fundi atakayekuja kurekebisha mkwaruzo atalihitaji kulipima jua kwa jua na gari lenyewe, aone gari limepauka kiasi gani kabla hajafungua kopo.